Kipimo cha Dobi

Mimi nafua. Hiyo ndiyo kazi yangu,
hapa Kiangu, upande wa ukuta wa bandari,
na nguo nyeupe ndizo zinazonilisha:
kanzu za Ijumaa, makoti ya manesi wa Ligula,
mashati ya shule ya watoto wa watu.

Zamani nilianika saa nne, nikaanua saa nane, basi.
Sasa naanika, nasikia malori yanamwaga,
naanua mbio kama mtu aliyeona wingu.
Wingu halipo. Jua linawaka kama kawaida.
Kuna kitu tu kwenye kola,
laini. Ukikipangusa, kinajiandika.

Vumbi si geni kwetu, msinione mshamba.
Kila Juni tunapulizia mikorosho salfa,
tunarudi nyumbani macho mekundu, kope za njano,
tunakohoa, tunacheka, tunahesabu kilo ambazo bado ni maua.
Lile tulilinunua wenyewe, tena kwa mkopo.
Hili halikubisha hodi.
Limetoka shimoni huko Ruvuma,
likapita Tunduru, Mangaka, Masasi,
turubai likipepea njia nzima,
likafika kwangu likakuta kamba imeshatandazwa.

Mwanangu Likapa anafanya kazi palepale, kwenye lundo.
Mshahara wake ndio unanunua sabuni.
Naomba na hilo mlione:
sabuni inatoka kwenye makaa, inarudi kwenye makaa.
Usiku anakohoa kwenye mto,
asiniamshe.
Asubuhi nafua foronya.
Simwambii.

Bwana wa mazingira alikuja na mashine mkobani,
akaisimamisha barazani kwangu dakika arobaini,
siku ya manyunyu.
"Iko ndani ya kiwango," akasema.
Mimi hicho kiwango sijui kinalala mtaa gani.
Nikachukua leso saba mpya,
nikaanika moja kila siku, Jumamosi hadi Ijumaa,
kila moja na fundo lake la uzi mwekundu,
nikaenda nazo kwenye mkutano wa mtaa.

Nilizipanga mezani. Ya kwanza majivu.
Ya nne, ya Jumanne, siku meli ilipopakia,
niliikunjua polepole, kama unavyofungua kidonda.
Mwenyekiti akasoma ajenda:
taka, ulinzi shirikishi, mengineyo.
Nikawekwa kwenye mengineyo.

Feni ilikuwa imekufa tangu mfungo.
Bwana wa mazingira jasho likamshuka,
akatoa leso mfukoni, nyeupe, imenyooka pembe zote nne.
Pasi ile naijua. Ni yangu.
Mkewe huniletea nguo kila Jumatatu.
Akajifuta paji la uso, shingo,
nyuma ya masikio,
akaitazama.
Akaikunja haraka, upande mchafu ndani.

Jumatatu ikaja, katikati ya mashuka yao.
Mashuka nimefua. Soksi nimefua.
Ile bado.
Nimeifunga uzi mwekundu,
ya nane.