Saa Kumi na Moja

Jumapili ya Septemba, Bytom, mvua nyembamba.
Zamu ya kusoma ni yangu.
Navaa miwani, nashika mimbari kwa mikono miwili
kama mtu azuiaye mkokoteni usirudi nyuma,
nasoma Isaya: mawazo ya Mungu yako mbali na yetu
umbali wa mbingu na udongo.
Neno la Bwana, nasema.
Tumshukuru Mungu, wanajibu, wakikohoa.
Huku kwetu hata Amina ina vumbi la makaa.

Kisha Padre Norbert anasoma habari ya shamba la mizabibu:
walioajiriwa alfajiri, wa saa tatu, wa saa sita,
na wale wa saa kumi na moja, walioshika jembe
jua likiaga.
Jioni, wote dinari moja.

Bwana, nikwambie kweli: habari hii siipendi.

Shemeji yangu Ewald, miaka arobaini na mmoja
hakuvuka kizingiti chako. Kwenye mazishi
alisimama nje, akivuta sigara.
Mshahara aliunywa. Cherehani ya dada yangu Gertruda
aliiuza, na uzi ukiwa bado kwenye sindano.
Juni hii, mapafu yamegeuka jiwe, mipira puani,
akamwita padre.
Robo saa tu.
Mafuta kipajini, hostia imemegwa ndogo kama ukucha wa mtoto,
maji kwa kijiko.
Dakika za lala salama, akafunga bao.
Akafa na uso laini, kama aliyenyolewa na mama yake.

Na mimi?
Shanga za rozari yangu zimelika upande mmoja.
Misa za Majilio kabla ya kucha, theluji magotini, fanusi mkononi.
Mama nimemgeuza kitandani miaka kumi na mmoja.
Usinilaumu kwa kuhesabu. Kuhesabu ndiko kulikonilisha:
miaka thelathini dirishani, chumba cha taa,
mgodi kabla haujafungwa.
Kila ashukaye, taa moja na kibati cha shaba chenye namba.
Kila apandaye, anarudisha; nakitundika msumarini.
Mkongwe na mgeni wa jana, kibati kilekile,
mwanga uleule.
Sikuwahi kumpa mtu nusu taa.

(Hili silijui limetoka wapi. Niko bado kwenye benchi,
Padre anahubiri, simsikii.)

Msumari mtupu mwisho wa zamu,
hurudi nyumbani.

Usiku ule ulikuwa mmoja tu, mia sita na kumi na nne.
Mwamba ulikuwa umeshuka. King'ora kilikwisha kunyamaza,
na wake za watu walikwenda na waume zao.
Namba ya Ewald. Mchana wake nilikuwa nimemlaani,
kwa ajili ya cherehani.
Nikaketi. Nikautazama msumari hadi macho yakawasha.
Sikuuliza anastahili nini.
Nilisema: saa yoyote. Hata saa yoyote, ila aje.

Alikuja kesho yake, adhuhuri, amebebwa,
mweusi, meno tu ndiyo meupe,
akaweka kibati dirishani. Kilikuwa na joto la kiganja.
Sikumuuliza, umechelewa wapi?

Ee Bwana.
Nani anakaa dirishani kwako?

Bado siipendi habari ile. Cherehani haikurudi,
na Gertruda anashona kwa mkono, akisogeza kitambaa taani.
Lakini ananiita kwa kiwiko: foleni ya komunyo imeanza.
Mbele yangu kijana aliyeingia wakati wa Baba Yetu,
nywele zinatona mvua, kiatu kimoja hakijafungwa.
Anapokea. Amina.
Natandaza kiganja, cha kushoto juu ya cha kulia.

Ni nyeupe, ya duara, nyepesi kuliko shaba.
Naigeuza kidogo kwa kidole, mazoea ya kazi.
Haina namba.