Pini

Mwalimu Nyamizi ameegemeza baiskeli jiweni,
hapa Mkuyuni, kwenye kitalu changu cha makopo,
ananyoosha kidole: "Nipe kaktasi ile.
Ya dirishani. Isiyodai maji."

Ipi? Ziko mbili,
kimo kimoja, mbavu tano tano,
kijani kilekile cha chupa.
"Kwani si zilezile, Shija?"

Nachomoa pini kwenye ukosi wa shati.

Ya kwanza naidunga ubavuni:
tone jepesi, maji matupu,
upepo wa ziwa unalikausha kabla sijalifuta.
Tazama na miiba, Mwalimu,
imekalia vijitako vya manyoya,
kama pamba iliyosahaulika kwenye vitumba
kule Magu, wachumaji wakishaondoka.
Hii ndiyo kaktasi. Mababu zake walivuka bahari.

Ya pili naidunga mkono ukiwa umenyooka,
uso nimeugeuza.
Maziwa.
Meupe, mazito, hayana haraka.
Hesabu miiba: miwili, miwili,
kila jozi imetokeza kama pembe za kibuzi.
Huu ni mzawa, binamu wa minyaa,
wigo wa zizi letu Misungwi
nilikovunja kijiti, nina miaka sita,
nikajifikicha jicho kwa kidole kilekile.

Siku tatu sikufumbua macho.
Siku tatu niliwajua watu kwa nyayo:
Kulwa akikanyaga kwa kisigino,
Doto akija kama anayeiomba radhi sakafu.
Mama aliwashonea kitambaa kimoja,
wajomba wakawaita kwa kubahatisha.
Mimi niliyezaliwa mgongoni mwao
sikukosea tena,
hata siku ile waliponiletea mmoja, amefunikwa shuka,
wakaniuliza ni yupi.
Niliangalia visigino.

"Na mishubiri hii?"
Huo wa kushoto si mshubiri.
Vunja jani: mshubiri hutoa ute,
na kando ya ute, uchungu wa manjano.
Huu unatoa nyuzi; jani limekatika
lakini bado linaning'inia, halikubali kuachana.
Ni jamaa wa mkonge. Utachanua mara moja,
mlingoti mrefu kuliko paa lako, kisha ufe.
Anacheka. "Basi huo mpe mwenye subira."

Ana mjukuu anayetambaa.
Nampa ya maji, namfungia gazeti,
naiosha pini kwa sabuni mara mbili.

"Na kile, kwenye kopo la samli?"

Kile nilikitoa kwenye ufa wa jiwe, Bugarika,
juu kabisa, nyumba zinapokoma.
Majani manene kama ndewe za masikio,
mwiba hakina,
tone lake si maji wala maziwa.
Nimekilinganisha na kila nilicho nacho.
Mwaka wa pili huu nangoja kichanue.

"Bei gani?"
Hakiuzwi, Mwalimu. Hatujafahamiana.

Ubavuni mwa kopo nimeandika kwa chaki: BADO.
Mvua ikifuta, naandika tena.