Namba ya Kigae

Kazi yangu ni chekeche.
Wao huchimba kwa mwiko na burashi, goti juu ya gunia;
mimi hutikisa, mchanga ushuke,
na kilichokataa kushuka nikitaje:
mfupa wa changu. Ushanga. Mkaa.
Msumari wa juzi, tupa.

Siyu, nyuma ya ukuta uliobaki nusu,
shimo lilikuwa limemfika Daktari Nyaboke kifuani
kilipotoka kigae cha chungu, chekundu, sawa na kiganja.
Si kauri. Kauri hushangiliwa,
wakubwa wa Nairobi huiulizia: nani alikuja, alileta nini.
Hiki hakikuja. Kilifinyangwa papa hapa,
ukingoni pamekatwa kwa kucha, kucha, kucha,
kisha kidole gumba kimeteleza.
Labda mfinyanzi aliitwa. Labda mtoto alilia.
Nikatia gumba langu. Likaenea.

Kikaandikwa siku ile ile,
wino mweusi, herufi mbili, mkwaju, namba.
Kikapewa mfuko wake, kisanduku chake, pamba yake.
"Huyu mwenyeji," Daktari akasema,
"miaka mia sita, mia saba.
Watoto watamsoma shuleni, wajue sisi ni nani."
Nikaitikia. Puani nilikuwa na vumbi la hao sisi.

Jumatatu nikampeleka Mwanaesha kwa kamati ya vitambulisho.
Wazee wanne, feni haizunguki.
Cheti cha baba? Hiki.
Cha babu?
Babu alizaliwa mwaka wa ndui, angeandikwa na nani?
"Na hili jina Shekuwe, asili yake wapi? Hamkuvuka mpaka?"
Mwanangu ana miaka ishirini na miwili.
Alikuwa ameosha vidole vyote kumi, kaviweka mezani.
Kidau cha wino hakikufunguliwa.
"Rudini mwezi ujao. Mje na ushahidi."

Ushahidi!
Miezi mitatu nauchekecha kwa ujira wa kutwa.
Lakini mkono mtupu haulambwi,
nami nilikwenda na mkono mtupu.
Nikasema ahsante.

Kesho yake akaniletea chakula shimoni,
akafinya tonge la udongo mbichi,
akalikandamiza gumba lake, mistari yote ikatoka.
"Baba, kifukie. Baada ya miaka mia saba
watanipa namba."
Akakirusha kwenye lundo nililokwisha kulichekecha.

Daktari aliona.
Alipaswa kukiokota; kinaharibu hesabu ya tabaka.
Akainama, akafunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.