Kipindi cha Sita, Igombe

Leo sikuandika tarehe ubaoni.
Niliingia Kidato cha Pili B na debe la rangi,
kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa inchi nne,
na vikaratasi arobaini na sita
nilivyokata jana usiku kwenye daftari la mraba,
mwanangu akidhani ni mapambo ya harusi.

Nikasema: tunamchagua wa kushika ufunguo wa simtanki.
Wakacheka.
Darasa zima linanuka dagaa;
wengine wametoka kuanika jua halijachomoza,
magamba bado yanameta kwenye vifundo vya mikono.
Dirishani ziwa limejilaza, pana, halina haya.

Bugingo kagawa karanga tangu asubuhi.
Nayaona maganda chini ya madawati, nanyamaza.
Nayo ni sehemu ya somo.

Ndipo Sungwa, nyuma kabisa, akasimama,
na Sungwa hasimami bure:
"Mwalimu, wewe unapiga kura?"
Napiga.
"Sasa mbona bomba la shule linakohoa tu,
na maji yale pale, ukirusha jiwe linafika?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni,
lina vipengele vinne, vyote vya mtihani.
Likanikwama kooni kama mwiba wa sato.

Nikaketi juu ya meza.
Nikawaambia nisilowahi kumwambia hata mkuu wa shule.

Mwaka ule wa kumchagua mwenyekiti wa mtaa
nilikuwa na foleni mbili: ya kura na ya kusuka.
Nikaenda kusuka.
Nikajisemea, mwenyekiti wa mtaa ni nani?
Mtu wa mhuri na barua za utambulisho.
Nikatoka saluni kichwa kimependeza.
Waliopiga kura ni watu sitini na watatu.
Mtaa mzima huu, sitini na watatu,
nusu yao shemeji zake, nusu wanaomdai.

Haukupita mwaka, ule uwanja wa mchanga
mama zenu walipokuwa wakianika
ukazungushiwa mabati.
Mama yake Kabula akaja kwangu na barua, nimsomee.
Nikasoma: kulikuwa na kikao, wananchi wameridhia.
Akauliza, "Wananchi gani?"
Nikawa naangalia kucha zangu.

Kabula akainamia dawati.
Hakuna aliyekohoa, isipokuwa bomba.

Sungwa, nikasema, sikudanganyi.
Kura si mvua, kwamba leo ngurumo kesho mafuriko.
Zangu nyingi zimezama kama nanga iliyokatika kamba,
na sikuona hata povu.
Lakini ile niliyoiacha haikubaki nyumbani kuningoja.
Kuna mtu aliiokota, akaitumia,
na hakunirudishia chenji.

Sikujua kama limeingia. Yeye alikaa tu.

Wakapanga mstari. Mikono juu ya karatasi,
wakiificha hata kwa rafiki, wamekuwa watu wazima ghafla;
Lukonya alirudi mara mbili kuhakikisha yake imedondoka.
Tukamwaga debe mezani, tukahesabu kwa sauti.
Ng'washi, abebaye ndoo bila kutumwa: ishirini na sita.
Bugingo: kumi na tisa. Anazidai karanga zake.

Ikabaki moja.
Haikuwa na jina la mtu.
Kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka,
kwa herufi kubwa: MAJI.

Kwa kanuni nilizowapa mwenyewe, hiyo imeharibika.
Nikaandika ubaoni: moja, imeharibika.
Sikumtazama mtu wa nyuma.

Kengele ikalia. Nikaikunja,
nikaitia pochini, ubavuni mwa kadi yangu ya kupigia kura.

Jumamosi kuna mkutano wa mtaa, saa nne.
Nitasuka Jumapili.