Wa Rangi ya Kawaida

Ukumbi wa maonyesho ya kilimo, Macon, Jumamosi ya Februari.
Nje mvua ya baridi, ndani harufu ya maranda na bisi.
Nimelipa dola nane mlangoni
ili nije kuogopa.

Mikono iko mfukoni, kama ya mtoto aliyevunja sahani.
Meza kwa meza, visanduku vyenye vifuniko vya matundu,
na katika kila kimoja uzi uliojisokota,
uzi unaopumua.

Bi Ardith Stroud hakuniuliza nataka rangi gani.
"Unaogopa nini hasa, bwana Tarpley? Meno au mwendo?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
"Mwendo," nikasema. "Kukosa miguu, na bado kufika."
Akacheka hadi miwani ikamruka kifuani.

"Basi usichukue aliyeanguliwa juzi,
mwembamba kama kamba ya kiatu.
Hofu yake na yako zitagongana mlangoni.
Chukua wa mwaka mmoja, anayejua kula.
Na uliza kadi. Nyoka asiye na kadi ni hadithi tu."

Akanitolea mweupe, macho kama punje za komamanga;
watu watatu wakasimama kumpiga picha.
Kadi yake: amekataa. Amekataa. Amekula. Amekataa.

Akanitolea mwingine, wa rangi ya kawaida,
udongo wa Jojia uliolowa, mabaka ya kutu.
Amekula, amekula, amekula,
mara kumi na tisa, kwa mwandiko uleule uliochoka.

"Mgeuze umwone tumbo."
Sikuthubutu. Akamgeuza yeye.
Mraba mweusi, mraba mweupe, hadi mkiani,
gunzi la mahindi ya zamani, yale ya rangi mbili.
Nyoka wa mahindi. Kumbe ndiyo maana.

Kumbe ndiye.

Banda la kuku, nyuma ya shamba la karanga.
Baba akapaza sauti akitaja jina la yule mwenye sumu,
na jembe likashuka mara tatu.
Kilichobaki kikajipindua vumbini:
mraba mweusi, mraba mweupe.
Niliona. Sikusema.
Nilikuwa na miaka tisa, naye alikuwa na jembe.

Wahenga husema aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi sikuumwa.
Nimeshtuka bure miaka arobaini na tano,
kwa mpira wa kumwagilia bustani,
kwa mkanda wangu mwenyewe sakafuni.

"Fungua kiganja. Usimkamate. Kuwa tawi."
Nikawa tawi, tawi baya, lenye upepo.
Hakuwa na utelezi. Alikuwa mkavu kama karata mpya,
na chini ya kidole gumba changu kitu kikipiga haraka,
sijui kama ni moyo wake au wangu.

Nilimleta nyumbani katika foronya, kifua changu ndiyo jiko lake.
Kasha lilikuwa tayari wiki mbili:
upande wa joto, upande wa ubaridi, pango la gome, bakuli la maji.
Vitasa vinne. Nilivikagua.
Nikalala. Nikaamka, nikavikagua.

Siku ya kwanza sikumwona. Ya pili, ya tatu, hakuna,
ila shimo dogo kwenye maranda
na dada yangu Nelda kwenye simu:
"Umenunua sanduku la maranda, Royce?"

Siku ya saba, jioni, panya mmoja kutoka kwenye friza,
nimemyeyusha katika maji ya vuguvugu,
nimemshika mkia kwa koleo.
Mkono ukatetemeka. Nikauomba utulie, ukakataa,
na panya akacheza, yule maiti, kushoto, kulia.

Kutoka pangoni kikatokeza kichwa,
ulimi ukaonja hofu yangu mara mbili, tatu,
kisha sikuona kitu, nilisikia tu koleo likivutwa.

Laiti mkono wangu ungetulia,
panya angebaki mfu.

Nikatafuta kalamu.
Mstari wa ishirini, mwandiko mpya, uliopinda:
amekula.