Nondo za Kiamunyi

Riba ilipopanda, Mwalimu Cheruto alinipigia:
"Fundi, shuka kwanza."
Nikashuka. Ngazi nikaiacha palepale,
imeegemea ukuta usiofika kwenye linta.

Masika mawili yamepita.
Nondo zimeshika kutu, zimenyooka angani
kama vidole vya watoto wanaojua jibu
na hakuna anayewaita.

Kiamunyi nzima imesimama hivyo.
Kokoto zimeota nyasi, kuku anataga kwenye karai langu.
Na kwa kuwa hapajengwi,
mwenye chumba changu kule Rhonda
ameongeza elfu moja. Anajua sina pa kuhamia.

Juzi redio ikasema riba imeshuka.
Nikasugua mwiko, nikampigia Mwalimu.
Akacheka, kicheko kikavu:
watu wote wamekimbilia benki siku moja,
saruji imepanda, mchanga umepanda,
ploti ya jirani imeuzwa mara mbili
kabla ya saa saba mchana.

"Ngoja kidogo, fundi."

Nangoja.
Jioni nilipitia kuichukua ngazi yangu.
Mchwa wamekula vipago vitatu vya chini.
Vya juu vizima,
havina hata mkwaruzo.