Kupanga Nondo

Nilimwambia Sanga, wa duka la vifaa pale Mafinga,
kwamba nakwenda Mdabulo kupanga nondo.
Akauliza: "Za milimita ngapi?"
Nilicheka peke yangu njia nzima,
begi mapajani, ukungu umeifunika chai hadi shingoni.

Kazi yenyewe ni hii:
kurasa mia mbili na kumi za marehemu Chengula,
kila ukurasa mdudu mmoja,
na hakuna kurasa mbili zinazoingilia mlango mmoja.
Huu unaanza na mabawa. Ule unaanza na mvua.
Mwingine unaanza: "Siku ile Tulizo alikuwa na homa,
taa ikawaka usiku kucha, ndipo alipoingia,
mweupe, kama aliyetumwa."
Na jina lake? Liko chini, pembeni, kwa penseli,
limezingirwa na duara la kikombe.

Kikao kilishakata shauri:
Jina. Umbo. Makazi. Msimu. Mlo wa kiwavi.
Kwa mpangilio huo, bila kuruka.
Kipepeo wa msituni na nondo wa kabatini
wasimame foleni moja kama watoto wa shule
siku ya kukaguliwa kucha.

Nilifanya kwa uchungu, sifichi.
Niliikata homa ya Tulizo. Niliizima taa.
Neno "mweupe" nikalipeleka kwenye Umbo,
"usiku kucha" nikausukuma kwenye Msimu,
ukakaa huko kama mgeni aliyekosa kigoda.
"Kama aliyetumwa" haikupata chumba.

Ukurasa wa tisini mkono ukasita.
Mlo wa kiwavi: —
Nikafunua nyuma. Mlo wa kiwavi: —
Mlo wa kiwavi: —
Vistari vimelala ukurasa hadi ukurasa
kama njiti za kiberiti ambazo hakuna aliyeziwasha.
Mzee yule aliandika vizuri mno,
uzuri ukaziba matundu.
Miaka yote tulimsoma tukidhani anajua,
kumbe naye alikuwa anapita mbali,
kwa ufasaha.

Jioni Leonia Mhapa alileta ulanzi,
akachungulia picha juu ya bega langu.
"Huyu wa manjano? Namlaani kila masika.
Viwavi vyake vinamaliza majani ya milanzi yangu,
ya upande wa bondeni tu. Ya mlimani havigusi."
Akaweka dumu chini, akajifuta mikono.
Miaka ishirini anagema hatua mia kutoka meza hii,
na hapakuwa na mstari uliomwuliza.

Nikaandika: Mlo wa kiwavi: mlanzi.
Wino ukashika. Nikaona haya kufurahi vile
kwa neno moja.

Kisha kalamu ikabaki hewani,
maana "upande wa bondeni tu" si umbo,
si msimu, na makazi yanataka jina la msitu.

Nimechora mstari wa sita. Sijaupa jina.
Humo nimeliweka bonde la Leonia.
Homa ya Tulizo bado iko sakafuni, kwenye vipande,
naikwepa nikipita kwenda kufunga dirisha.